Ugwe wa Mgongo na Nguo Zake Tatu

(Haya ni mazungumzo tuliyotoa katika semina ya siku moja ya wahudumu wa afya wa vijiji, viongozi wa vikundi vya akina mama na vijana wa kanisa. Wengi waliomba tuyaandike, ili wale ambao hawakufika nao wapate kusoma na kuwafunza wengine.)

  Somo la leo linahusu kitu ambacho kila mmoja wetu amekibeba tangu tumboni mwa mamake, lakini ni wachache waliowahi kukifikiria. Ni ugwe wa mgongo pamoja na tando zinazoufunika.

Mtauliza, kwa nini tusizungumze juu ya malaria au maji safi kama siku zote? Sababu ni hii. Tunapowatembelea wagonjwa tunakutana mara kwa mara na wazazi waliokataa mtoto wao asitolewe maji ya mgongo hospitalini. Wameambiwa na jirani kwamba sindano ile hulemaza au huua. Tunakutana pia na akina mama wanaoogopa kuzaa hospitalini kwa sababu ya "sindano ya mgongo". Tena tunawaona vijana walioanguka au kugongwa barabarani, wakabebwa vibaya na watu wema waliotaka kuwasaidia. Mambo haya yote yanatokana na kutojua jinsi mgongo ulivyoumbwa ndani. Mtu akishajua, hofu hupungua, na mikono yake inakuwa na hekima.

Kwanza tuelewane kuhusu majina

Kwa Kiswahili tunasema "uti wa mgongo" kwa vitu viwili. Wakati mwingine tunamaanisha ile mifupa iliyopangwa kutoka shingoni hadi kwenye matako. Wakati mwingine tunamaanisha kile kitu laini kilicho ndani ya mifupa hiyo. Halafu kuna ugonjwa ambao watu huuita "uti wa mgongo" tu, wakimaanisha homa ya uti wa mgongo. Ndiyo maana tunachanganyikiwa. Leo mifupa tutaiita uti wa mgongo, na kile kitu laini cha ndani tutakiita ugwe wa mgongo. Ugwe ni kamba, na kweli umbo lake ni la kamba.

Kila mtu hapa amewahi kuona mgongo wa mbuzi ukipasuliwa kwa shoka buchani. Katikati ya mifupa kuna njia, na ndani ya njia hiyo kuna kitu cheupe, laini na kirefu. Wengine hukiita uboho. Si uboho. Uboho uko ndani ya mfupa wenyewe, na huko ndiko damu inakotengenezwa. Kile cheupe kirefu ndicho ugwe wa mgongo, nao ni mwendelezo wa ubongo.

Nyumba ya mifupa

Mungu hakuuacha ugwe huu wazi. Aliujengea nyumba. Uti wa mgongo una pingili 33: 7 za shingo, 12 za kifua ambazo mbavu zimeshikana nazo, 5 za kiuno, 5 zilizo nyuma ya nyonga, na 4 ndogo za kifandugu. Kwa mtu mzima zile 5 za nyonga zimeungana zikawa mfupa mmoja, na zile za kifandugu kwa kawaida huungana vilevile.

Kila pingili ina sehemu nene mbele, inayobeba uzito, na upinde wa mfupa nyuma. Kati ya sehemu ile nene na upinde kuna tundu. Pingili zikipangwa moja juu ya nyingine, matundu yanafuatana na kufanya njia moja ndefu kama bomba. Kati ya pingili na pingili kuna kisahani kigumu kidogo chenye ute ndani, kinachozuia mifupa isisagane. Ukipitisha kidole katikati ya mgongo wa mwenzako utasikia vinundu. Hizo ni ncha za nyuma za pingili. Ugwe wenyewe huwezi kuugusa, maana uko ndani zaidi.

Ugwe wenyewe

Ugwe wa mgongo unaanzia pale ubongo unapotokea kwenye tundu lililo chini ya fuvu. Unateremka ndani ya ile njia ya mifupa. Kwa mtu mzima urefu wake ni kama sentimita 42 hadi 45, na unene wake haupiti sana ule wa kidole cha mwisho. Kitu chembamba hivyo, lakini kila amri ya kutembea, kulima, kushika jembe au kunyonyesha mtoto inapitia hapo.

Ukikatwa kwa upana, kama mtu anavyokata muwa, unaonyesha rangi mbili. Sehemu ya nje ni nyeupe. Hizo ni nyuzi nyingi sana zinazopeleka habari juu kwenye ubongo na kuteremsha amri. Zifananisheni na nyaya nyingi ndogo zilizofungwa pamoja ndani ya waya mmoja mkubwa. Sehemu ya ndani ni ya kijivu, na umbo lake ni kama kipepeo aliyefungua mabawa. Huko ndiko ziliko chembe za fahamu zenyewe. Pembe za mbele za kipepeo ni za kuamuru misuli. Pembe za nyuma ni za kupokea habari: moto, baridi, uchungu, mguso.

Kutoka kwenye ugwe inachipuka mishipa ya fahamu, kulia na kushoto, jozi 31 kwa jumla. Jozi 8 ni za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 za nyonga na 1 ya kifandugu. Kila mshipa una mizizi miwili. Mzizi wa mbele unatoa amri, mzizi wa nyuma unaleta habari. Mizizi hiyo inaungana na kutoka nje kupitia nafasi iliyo kati ya pingili mbili.

Hebu tutumie maarifa hayo. Mama akigusa sufuria ya moto, mkono unaruka kabla hata hajasema "ai!" Habari imeingia kwa mzizi wa nyuma, ugwe wenyewe ukajibu kwa mzizi wa mbele, na mkono ukaondoka. Ubongo umepata taarifa baadaye kidogo. Ugwe si njia tu. Nao unajua kujibu.

Mfano mwingine ni polio. Virusi vya polio huzishambulia zile chembe za pembe za mbele. Ndiyo maana mtoto aliyepatwa na polio mguu wake hulegea na kukonda, lakini ukimchoma kwa mwiba anasikia uchungu. Amri imekatika, habari bado inapita. Mwaka 2013 polio ilizuka tena katika Kenya, huko Dadaab, watu 14 wakapatwa. Kwa hivyo wanaokuja na matone ya chanjo mlangoni msiwafukuze.

Nguo tatu za ugwe

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Ndani ya ile nyumba ya mifupa, ugwe haukai uchi. Umevikwa tando tatu, moja ndani ya nyingine, na ni tando hizohizo zinazouvika ubongo ndani ya fuvu. Tutaanzia nje tuingie ndani.

Ya kwanza ni utando mgumu. Huu ni mnene na imara, kama turubai au ngozi ya ngoma. Umefanya mfuko mrefu unaoanzia kwenye fuvu na kuteremka hadi pingili ya pili ya nyonga. Kati ya mfuko huu na mfupa kuna nafasi ndogo yenye mafuta na mishipa ya damu. Mafuta hayo ni kama majani makavu tunayowekea mayai tunapoyapeleka sokoni. Ugwe hausuguani na mfupa mtu anapoinama na kuinuka.

Ya pili ni utando wa buibui. Umepewa jina hilo kwa sababu ni mwembamba sana, na kutoka kwake vinatoka vinyuzi vidogo kama nyuzi za buibui vikielekea ndani. Utando huu umelala ukiugusa ule mgumu kwa ndani. Hauna mishipa ya damu yake.

Ya tatu ni utando laini. Huu umeushika ugwe wenyewe bila kuachana nao, ukifuata kila mkunjo, kama lile ganda jembamba jekundu linavyoishika njugu. Ndani yake mna mishipa midogo ya damu inayoulisha ugwe. Tena utando huu umetoa vijino vidogo pande mbili, kulia na kushoto, vinavyojishikiza kwenye ule utando mgumu. Vijino hivyo huuzuia ugwe usiyumbe huku na huku. Na chini kabisa, ugwe unapokwisha, utando laini unaendelea kama uzi mwembamba hadi kwenye kifandugu. Hivyo ugwe umefungwa juu, chini na pembeni, kama hema lililopigwa vizuri.

Maji yaliyo kati

Kati ya utando wa pili na wa tatu kuna nafasi, na nafasi hiyo imejaa maji. Haya ndiyo "maji ya mgongo". Ni maangavu kama maji ya chemchemi. Yanatengenezwa ndani ya ubongo, yanateremka na kuuzunguka ugwe, kisha yananyonywa na kurudi kwenye damu. Ubongo na ugwe vinaelea ndani yake, kwa hivyo mtu akiruka au akijikwaa havipati kishindo chote.

Hapa tunaomba msikilize kwa makini. Mtu mzima ana maji haya kama mililita 150 kwa wakati mmoja, yaani karibu nusu ya chupa ndogo ya soda. Lakini mwili wake unatengeneza kama mililita 500 kila siku. Hesabuni wenyewe. Maana yake maji yote yanabadilishwa karibu mara tatu au zaidi kwa siku. Si kama maji ya tangi ambayo yakitolewa hayarudi. Ni kama kisima chenye chemchemi.

Ugwe unaishia wapi?

Swali hili ndilo linaloondoa hofu. Wengi wanafikiri ugwe unafika mpaka mwisho wa mgongo. Sivyo. Mtoto akiwa bado mchanga sana tumboni, ugwe hujaza njia yote ya mifupa. Baadaye mifupa hukua haraka kuliko ugwe, na ugwe unaachwa juu. Mtoto anapozaliwa, ugwe unaishia karibu na pingili ya tatu ya kiuno. Kwa mtu mzima unaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno.

Lakini ule mfuko wa tando pamoja na maji yake unaendelea chini. Ndani yake, chini ya mwisho wa ugwe, mna mizizi ya mishipa ya fahamu tu, inayoning'inia kama mkia wa farasi, na kweli madaktari wanaiita hivyo. Chukua nyuzi za katani uziweke kwenye debe la maji, kisha upitishe sindano. Nyuzi zinasogea kando. Ndivyo ilivyo hapo.

Hebu simameni. Wekeni mikono kiunoni mpaka msikie sehemu ya juu ya mifupa ya nyonga. Sasa vuta mstari kwa mawazo, kutoka mkono mmoja hadi mwingine, upite mgongoni. Mstari huo unapita karibu na pingili ya nne ya kiuno. Daktari naye anapima hivyohivyo. Anaingiza sindano juu kidogo au chini kidogo ya mstari huo, na kwa mtoto mchanga anachagua nafasi za chini. Ugwe uko juu yake. Sindano haiendi mahali ugwe ulipo. Kaeni sasa.

Kutolewa maji ya mgongo

Njia hii ya kutoa maji ilielezwa na daktari Heinrich Quincke wa Ujerumani mwaka 1891. Kwa hiyo si jambo la majaribio. Mgonjwa hulazwa ubavu, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, kama mtoto alivyo tumboni, ili nafasi kati ya pingili zifunguke. Ngozi husafishwa kwa dawa. Sindano nyembamba inapita kwenye ngozi, kwenye kano zinazoshikanisha pingili, kwenye utando mgumu, halafu utando wa buibui. Hapo maji yanaanza kudondoka yenyewe, tone moja moja. Yanakingwa kidogo tu, kiasi kama cha kijiko kimoja cha chai. Sindano inatolewa, mahali pale panafunikwa, basi.

Kwa nini yanatolewa? Kwa sababu homa ya uti wa mgongo ni ugonjwa wa hizi tando tulizozitaja. Vijidudu vinaingia katika ile nafasi ya maji na tando zinavimba. Tando za mgongoni na za kichwani ni moja, na maji ni yaleyale. Kwa hivyo maji ya kiunoni yanatuambia habari za kichwani. Yakiwa maangavu ni habari njema mara nyingi, ingawa si kila mara. Yakiwa na ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele, kuna usaha. Kwenye maabara yanaangaliwa kwa darubini na kupimwa sukari, ili ijulikane ni vijidudu gani na dawa gani inafaa. Malaria iliyopanda kichwani inaweza kufanana sana na ugonjwa huu kwa macho: homa, degedege, kuzimia. Tena kuna aina inayoletwa na kifua kikuu, na aina inayoletwa na kuvu, ambayo huwapata zaidi watu wenye ukimwi. Kila moja ina dawa yake. Bila maji yale daktari anabahatisha.

Sasa, mbona watu wanasema sindano inaua? Tufikiri pamoja. Mtoto anaumwa Jumatatu, anapewa dawa ya duka. Jumatano anapelekwa kwa mganga. Ijumaa ameanza degedege ndipo anapelekwa hospitali. Anatolewa maji jioni, usiku anaaga dunia. Watu wa nyumbani wanakumbuka jambo la mwisho waliloliona, ambalo ni sindano. Mwingine anapona lakini amekuwa kiziwi, au mguu umekuwa dhaifu. Wanasema ni sindano. Kumbe ugonjwa wenyewe ndio unaoacha alama hizo, hasa tiba ikichelewa. Ni kama kumlaumu aliyeruka mtoni kumvuta mtu aliyekuwa akizama, kwamba yeye ndiye aliyemzamisha.

Hatutaki kuwaficha kitu. Wengine huumwa na kichwa kwa siku kadhaa baada ya kutolewa maji, hasa wakisimama. Mgongo unaweza kuuma pale sindano ilipopita. Kuingia kwa vijidudu au kuvuja damu ndani kunaweza kutokea, ila ni mara chache sana. Na kuna wagonjwa ambao daktari mwenyewe atakataa kuwatoa maji kwa wakati huo, kwa mfano kama kuna dalili kwamba kichwani mna shinikizo kubwa, au ngozi ya kiunoni ina kidonda kilichooza, au damu haigandi vizuri. Mzazi ana haki ya kuuliza, na daktari ana wajibu wa kumweleza kwa lugha anayoelewa. Uliza. Lakini usikatae kwa sababu ya maneno ya sokoni.

Dalili za kukumbuka ni hizi: homa kali, kichwa kuuma sana, shingo kukakamaa, kutapika, kuchukia mwanga, kusinzia isivyo kawaida, degedege. Kwa mtoto mchanga shingo huenda isikakamae. Angalia kama amekataa kunyonya, analia kilio kisicho cha kawaida, amelegea, au utosi umevimba. Ukiona hayo usingoje asubuhi.

Na kinga ni bora kuliko tiba. Chanjo ya sindano moja yenye kinga tano iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2001, na ile ya kuzuia nimonia iliyoanza mwaka 2011, zinakinga pia dhidi ya aina mbili kubwa za vijidudu vinavyoleta homa ya uti wa mgongo. Chanjo ya BCG ya kuzaliwa humkinga mtoto na kifua kikuu cha tando za ubongo. Kadi ya kliniki ikamilishwe.

Sindano ya mgongo kwa mama anayezaa

Akina mama, hii ni yenu. Mwaka 1898 daktari August Bier, naye wa Ujerumani, alitumia njia hiyohiyo kutia dawa ya ganzi ndani ya maji ya mgongo ili mgonjwa apasuliwe bila kusikia uchungu. Mpaka leo ndiyo njia inayotumiwa sana mama anapozaa kwa kupasuliwa. Dawa inachanganyika na maji, inaifanya mizizi ya mishipa ilale kwa saa chache, halafu nguvu zake zinaisha na miguu inarudi. Mama anabaki macho, akisikia mtoto wake analia. Maumivu ya kiuno baada ya kuzaa huwapata wengi, waliodungwa na wasiodungwa, kwa sababu mimba yenyewe imeuvuta mgongo kwa miezi mingi. Mama asiihatarishe roho yake na ya mtoto kwa kukimbia sindano hii.

Mtu akianguka au akigongwa

Tunasoma katika 1 Samweli sura ya 4 kwamba mzee Eli alianguka chali kutoka kitini, shingo ikavunjika, akafa. Hakuanguka kutoka juu ya mnazi, ilikuwa ni kiti tu. Pingili zikivunjika au kuteleza, ile njia ya ugwe inaziba, na ugwe unabanwa au kukatwa. Nguo tatu na maji yake haziwezi kuzuia mfupa unaokata.

Madhara yanategemea ni wapi. Mishipa inayoendesha msuli mkubwa wa kupumulia inatoka katikati ya shingo. Ugwe ukikatika juu ya hapo mtu hawezi kupumua mwenyewe. Ukiharibika chini kidogo shingoni, mikono na miguu hulegea. Ukiharibika kifuani, mikono iko sawa lakini miguu haipo, na mkojo haumtii tena. Ngozi ikikatwa hupona. Ugwe haujiungi hivyo.

Lakini kuna watu wengi ambao mfupa umevunjika na ugwe bado mzima. Kilichobaki ni jinsi watakavyobebwa. Hapa haraka haraka haina baraka. Mkimkuta mtu ameanguka kutoka mwembeni, ameporomokewa kwenye machimbo ya mawe, au ametupwa na bodaboda:

1. Msimkalishe wala kumsimamisha "kuona kama anaweza". Hakikisheni kwanza anapumua.

2. Mmoja apige magoti kichwani na akishike kichwa kwa mikono miwili, kikae sawa na mwili, wala asikiachilie mpaka hospitali.

3. Tafuteni kitu kigumu na bapa: mlango, ubao mpana, meza iliyotolewa miguu. Blanketi peke yake hujikunja katikati.

4. Watu wanne au watano wamgeuze kwa pamoja kama gogo moja, kichwa, mabega na nyonga zikienda kwa wakati mmoja. Anayeshika kichwa ndiye anayehesabu: moja, mbili, tatu.

5. Akitapika, mgeuzeni ubavu kwa njia hiyohiyo ya gogo.

6. Asipandishwe bodaboda katikati ya watu wawili. Tafuteni ambulensi au pikapu alale bapa.

Kama kuna moto au gari linalotaka kulipuka, mvuteni kwa mstari ulionyooka mmtoe hapo kwanza.

Tunamkumbuka yule mwenye kupooza wa Marko sura ya 2, aliyebebwa na wanne. Kanisa likiwa na watu wanne wanaojua kubeba katika kila kijiji, hiyo ni huduma kubwa kuliko harambee nyingi. Na yule ambaye ugwe wake umekatika tayari, huduma yake haijaisha. Ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia, maana hasikii uchungu wa kumwonya. Apewe kazi ya mikono yake, apewe nafasi kanisani, mlango utengenezwe kiti cha magurudumu kipite.

Mtoto kabla hajazaliwa

Jambo la mwisho. Ugwe unaanza kama bamba bapa linalojikunja na kuwa bomba. Bomba hilo linafungika kabisa siku kama 28 baada ya mimba kutungwa, wakati mama wengi hawajajua kama ni wajawazito. Lisipofungika chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Tando na maji huvimba nje kama malengelenge, na wakati mwingine ugwe wenyewe umo ndani yake. Wengi wa watoto hawa hupata pia kichwa kikubwa kwa sababu maji yameziba njia.

Si laana. Mama hakuzini, baba hakukanyaga uchawi. Kinachosaidia kuzuia sehemu kubwa ya hali hii ni vitamini iitwayo foliki asidi, kiasi cha maikrogramu 400 kwa siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya mimba hadi miezi mitatu ya kwanza. Anayengoja mpaka kliniki ya mwezi wa tano amechelewa kwa jambo hili, ingawa vidonge vile bado vinamfaa kwa damu. Maharagwe, kunde, sukuma wiki, terere, maini na maparachichi vina vitamini hiyo, mboga zisipopikwa mpaka zikapoteza rangi. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti uongezewe foliki asidi, lakini unga tunaosagisha wenyewe kwenye posho mill kwa kawaida hauna. Basi msichana anayejiandaa kuolewa aulize vidonge kwenye dispensari mapema. Na mtoto akizaliwa na mgongo wazi, kifunikeni kidonda kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi ya chumvi ya hospitali, mlazeni kifudifudi, na apelekwe mara moja. Hospitali ya Kijabe inajulikana kwa kuwatibu watoto hawa, na wengi wameishi wakaenda shule.

Ndugu zetu, tumeona nyumba ya mifupa, nguo tatu, maji na ugwe. Aliyetuumba aliuhifadhi ugwe huu kwa tabaka baada ya tabaka. Na sisi tuwe tabaka moja zaidi, kwa mzazi anayeogopa, kwa mama aliye katika uchungu wa kuzaa, kwa kijana aliyelala barabarani. Mungu awabariki.

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi

1. Katika kijiji chetu watu wanasema nini juu ya kutolewa maji ya mgongo? Tutawaelezaje kwa maneno rahisi kwa nini sindano haifiki kwenye ugwe?

2. Ni nani wanne au watano katika kikundi hiki watakaojifunza kubeba majeruhi? Ubao wa kubebea utawekwa wapi?

3. Ni nani katika kanisa letu anayetumia kiti cha magurudumu au magongo? Anaingiaje kanisani, na anaketi wapi?

4. Wasichana wanaokaribia kuolewa watapata habari za foliki asidi kutoka kwa nani?